Kuhifadhi kumbukumbu za wazee wawili wa Wete: mume JWTZ, mke JKU na ukunga

Mjukuu_Wete

Assalamu alaykum wanajukwaa. Nimepewa na familia kazi ya kukusanya kumbukumbu za utumishi wa babu na bibi. Wote wako hai, wako Wete. Babu aliingia JWTZ mwanzoni mwa miaka ya 1970, akapigana Vita vya Kagera. Bibi aliingia JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, baadaye akawa mkunga wa jadi, mwalimu wa kisomo cha kina mama na msimamizi wa msaragambo wa kisima cha mtaa.

Vilivyopo ni hivi: kopo la bati la biskuti lenye nishani 3 na vyeti, gwanda na bereti ndani ya sanduku la mbao lililotiwa karafuu, albamu 2 za zile kurasa zenye gundi na plastiki juu, picha 2 zilizoganda kwenye kioo cha fremu, barua kama 40 (nusu yake kwa khati za Kiarabu), kaseti 5 na daftari moja la bibi. Nyumba ni ya mawe na chokaa, paa la bati.

Naomba kuelekezwa: nianze na nini, vitu hivi vinahifadhiwaje kwa unyevu wa huku kwetu, na la tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Vya babu ni rundo, vya bibi ni daftari moja. Namna gani kumbukumbu ya bibi isimezwe na ya babu?

Mtunza_Nyaraka

Wa alaykum salaam. Anza na wazee wenyewe, karatasi baadaye. Karatasi iliyokaa miaka 45 itakaa miezi 3 mingine. Kumbukumbu ya mzee wa miaka 75 haina dhamana hiyo. Mambo ya kuwarekodi nawaachia wenzangu humu, mimi nitasema ya vitu.

Kabla hujagusa chochote, piga picha kila kitu kilivyo: sanduku likiwa wazi, kopo likiwa wazi, barua zikiwa katika fungu lake. Mpangilio ule ni ushahidi. Barua iliyofungwa pamoja na cheti cha kliniki inasema jambo ambalo barua peke yake haisemi. Kisha fungua daftari la orodha lenye safu hizi: namba, kitu, mwaka au makisio, cha nani, kilikuwa wapi, hali yake. Vitu vya babu viandike B/1, B/2 na kuendelea. Vya bibi viandike M/1. Namba iandikwe kwa penseli laini (2B inatosha) nyuma ya karatasi, pembeni, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino marufuku. Wino unapenya, na huku kwetu unyevu unausambaza hadi upande wa pili.

Usipige laminesheni. Nalisema mapema kwa sababu ndilo kosa la kwanza la kila familia: vyeti vinapelekwa steshenari vikatiwe plastiki "visiharibike". Ile mashine inayeyusha gundi kwa moto ndani ya karatasi, haitoki tena, na asidi ya karatasi inabaki imefungiwa humo humo. Baada ya miaka cheti kinageuka rangi ya chai na hakuna fundi wa kukitoa. Selotepu nayo vivyo hivyo. Pini za stepla na vibanio vya chuma viondoe vyote: laza karatasi, nyoosha miguu ya pini kwa ncha ya kisu butu, ichomoe kwa juu. Kutu ya pini moja inatoboa karatasi nne.

Sasa nyumba. Ukuta wa mawe na chokaa unanyonya maji ya ardhini na kuyatema ndani pamoja na chumvi. Ukiona rangi inababuka na unga mweupe unatoka, ukuta huo si wa kuegemeza kitu. Boksi lake liwe kwenye ukuta wa ndani, mbali na ukuta kiasi cha shibiri moja, juu ya rafu au matofali, si chini ya sentimita 15 kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa na maji ya masika. Lisiwekwe darini pia, joto la bati mchana linakausha na usiku unyevu unarudi. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakopasua picha.

Kopo la bati liache. Usiku bati likipoa linatoa jasho kwa ndani, na hilo jasho ndilo linaloharibu nishani. Tumia boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana. Geuza chini yake utafute pembetatu yenye namba 5. Hiyo ni polipropilini na haina madhara. Namba 3 ni PVC, inatoa mvuke unaokula shaba na kunata kwenye picha. Zile bahasha za plastiki laini zinazonukia "upya" nyingi ni PVC.

Siku ya kufungia ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Boksi linalobana likifungwa asubuhi ya masika linafungia masika ndani yake, na ukungu utaota gizani bila mtu kujua. Fungia kipindi cha kaskazi, Januari au Februari, siku isiyo na mvua, kati ya saa 6 na saa 9 mchana, baada ya vitu kukaa wazi kivulini siku nzima. Tia silika jeli (zile chembe za kufyonza unyevu) gramu 250 hadi 300 kwa boksi la lita 30, ndani ya mfuko wa kitambaa, isigusane na karatasi. Chukua ile ya rangi ya chungwa. Ya buluu ina kobalti, ni sumu. Ikibadilika rangi itie kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa 2, irudi kazini. Mchele usitie. Unafyonza kidogo sana na unaleta fukusi, na fukusi akishakuja hachagui.

Tia na kipima unyevu kidogo cha namba. Kikisoma chini ya asilimia 60, lala usingizi. Kikipita 65 kwa siku kadhaa, fungua.

Albamu za gundi: usivute picha kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno (usio na nta) chini ya picha, kutoka pembe moja, kwa mwendo wa msumeno, polepole. Ikikataa, iache, iskani hapo hapo kwenye ukurasa. Zile 2 zilizoganda kwenye kioo usizibandue kabisa. Tabaka la juu la picha limeshikamana na kioo; ukivuta, nyuso zinabaki kwenye kioo na mkononi unabaki na karatasi nyeupe. Skani pamoja na kioo chake.

Skani picha kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi), barua na vyeti kwa dpi 300 za rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe, maana rangi ndiyo inayoonyesha muhuri na wino. Hifadhi kwa TIFF, halafu toa nakala za JPEG za kutumiana. Picha ya sentimita 9 kwa 13 kwa dpi 600 inakuwa na pikseli kama 2126 kwa 3071, faili la karibu megabaiti 20. Picha 200 ni gigabaiti 4 tu, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana. Nyuma ya picha nako uskani kama pana maandishi.

Nakala ziwe tatu: diski moja Wete, diski ya pili kwa ndugu aliye Unguja au bara, ya tatu mtandaoni. Flashi si nakala, ni chombo cha kusafirishia.

Mama_Kisomo

Mwanangu, swali lako la tatu nimelipenda. Watu wengi hawafiki kuliuliza.

Utumishi wa babu una karatasi kwa sababu jeshi linaandika. Kila kuhamishwa, kila kupanda cheo, kuna mtu aliyelipwa kukaa mezani na kuandika. Utumishi wa bibi hakuna aliyeuandika, kwa hiyo usiutafute ndani ya sanduku lake. Utafute kwa waliopokea.

Anza na lile daftari. Mkunga wa jadi aliyewahi kupewa mafunzo na hospitali mara nyingi aliandika waliozaliwa: jina la mama, siku, mume au mke, mara nyingine uzito wa kukadiria. Hata kama ni alama za mistari tu, ni rejista. Kila mstari ni mtu, na wengi wako hai hapo hapo Wete na vijiji vya jirani. Nenda na daftari kwa sheha, mpitie pamoja majina, muandike nani yuko wapi. Lakini daftari hilo lina siri za watu. Limo la mimba iliyoharibika, la mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Liskani lote kwa ajili ya kuhifadhi, lakini usisambaze hata ukurasa mmoja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mkunga alibeba amana, na wewe umeirithi.

Kisomo nacho: tafuta waliosoma kwake. Mama wa miaka 70 anayesoma jina lake kwenye kadi ya kupigia kura alifundishwa na mtu. Waulize walikuwa wangapi, walikaa wapi, siku gani, walisoma kwa taa gani, nani alileta chaki. Majibu matatu ya watu watatu tofauti yanayokubaliana ni ushahidi mzuri kuliko cheti. Yaandike, wasaini au watie dole gumba, sheha agonge muhuri. Hapo bibi ana M/2, M/3, M/4.

Kwa kisima: nani aliyechimba, pima kina kwa kamba, hesabu kaya zinazoteka, piga picha ukingo kama uliandikwa mwaka kwenye saruji ilipokuwa mbichi. Mafundi wa zamani waliandika tarehe kwa kijiti, na mara nyingi imefunikwa na ukoga wa kijani. Usikwangue kwa chuma. Brashi ya nywele na maji matupu, na upige picha jua likiwa la pembeni, saa 1 asubuhi au saa 11 jioni, kivuli kiingie kwenye mikwaruzo ya herufi. Saa 6 mchana hutoona kitu.

Katika kuwahoji: kila mmoja peke yake kwanza. Wakikaa pamoja mara ya kwanza, babu atasema na bibi atamalizia "ndivyo hivyo". Baada ya kuwahoji mbalimbali mara mbili mbili, waweke pamoja, hapo watasahihishana na utapata mambo ambayo hukuyauliza. Nusu saa hadi dakika 45 zinatosha kwa mara moja, baada ya sala ya alasiri, tumbo likiwa si tupu.

Na usimuulize bibi tarehe. Muulize kwa mifungo, yaani miezi ya Kiislamu inayohesabiwa baada ya Ramadhani. Wanawake wa umri ule hawakuhesabu Novemba wala Februari, walihesabu mfungo mosi, mfungo pili. Nakupa za Vita vya Kagera, kwa kupishana siku moja au mbili kutegemea mwandamo: Mwalimu Nyerere alitangaza vita tarehe 2 Novemba 1978, mfungo tatu ndiyo kwanza unaandama. Iddi Kubwa iliangukia karibu na tarehe 11 ya mwezi huo. Maulidi ya mfungo sita yalikuwa karibu na 10 Februari 1979, na mji wa Masaka, Uganda, ulichukuliwa wiki mbili baadaye, tarehe 24. Kampala iliingiwa 11 Aprili, mfungo nane. Vita vilipokwisha mwanzoni mwa Juni, Rajabu ilikuwa imeshaingia, na Ramadhani ikaanza mwishoni mwa Julai. Basi akikwambia "aliondoka kabla hatujachinja", unajua ni siku kumi za mwanzo za mfungo tatu. Wapo askari waliobaki Uganda mpaka 1981, kwa hiyo usimkatalie akisema alirudi baada ya Ramadhani mbili.

Muulize na hiki: wakati babu yuko vitani, nani alichuma mikarafuu, nani aliyeanika, nani aliyepeleka kituoni kuuza? Hapo ndipo utumishi wa wawili unapokuwa mmoja. Aliyeshika nyumba ndiye aliyemwezesha mwenzake kushika silaha, na hilo halimo katika cheti chochote.

Mjukuu_Wete

Nashukuru sana, Mama. Mfungo sijawahi kuufikiria kabisa.

Nimefungua kopo leo. Nishani mbili zina unga wa kijani kwenye pete ya kuning'inizia, na utepe mmoja umeota madoa. Mjomba anasema zipigwe Brasso ziwake. Na gwanda je? Tulitaka kulitundika ukumbini kwenye fremu ya kioo. Na zipo pia ganda 2 za risasi alizorudi nazo.

Mstaafu_Unguja

Mwanangu, acha Brasso. Ile ni dawa yenye chembe za kukwangua. Kila ukisugua unaondoa tabaka la chuma, na maandishi ya nishani ni membamba, mara nne au tano yanakuwa laini kama sarafu ya zamani. Halafu dawa inaingia kwenye utepe, inakauka nyeupe, haitoki. Nishani inayowaka si nishani iliyotunzwa. Rangi yake ya kizee ndiyo ngozi yake.

Ule unga wa kijani ni kutu ya shaba. Chukua kijiti cha mwanzi au cha meno cha mbao, kikwangue polepole bila kugusa chuma kizima, huku utepe umeuzungushia karatasi ngumu. Malizia kwa kitambaa kikavu cha pamba. Mikono iwe imeoshwa na kukauka, au vaa glavu. Jasho la kidole lina chumvi na alama ya kidole itatokea baada ya miezi. Piga picha mbele, nyuma na ukingoni. Kisha kila nishani peke yake ndani ya kitambaa cha marekani (kile cha pamba kisichotiwa rangi) kilichofuliwa mara mbili kwa maji matupu ili wanga wa kiwandani utoke. Utepe usiukunje na usiufue, rangi zake zinachuja. Kila moja ipange na cheti chake. Nishani bila cheti chake haisemi ni ya nani. Muulize babu jina la kila moja angali anakumbuka: Vita vya Kagera, Utumishi Mrefu, Miaka 20 ya JWTZ, na kadhalika. Familia nyingi zinachanganya.

Gwanda ni jambo jingine, na nakuomba ulichukulie kwa uzito. Nishani ni ya mtu. Sare ni mali ya jeshi. Mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wote walio na mavazi ya jeshi kuyasalimisha, na sheria ya makosa ya jinai inakataza raia kuyavaa. Kwa hiyo usilitundike ukumbini, usimvalishe mtoto kwa picha ya Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, na usiliweke kwenye Facebook. Babu mwenyewe, akiwa na kitambulisho chake cha mstaafu, aende kambi iliyo karibu aulize kwa heshima nini anaruhusiwa kubaki nacho, na apate jibu la maandishi. Likitakiwa lirudi, lirudishwe, na mbaki na picha yake akiwa amelivaa enzi za utumishi. Picha hiyo ndiyo ya kutia kwenye fremu.

Ganda za risasi: usizichezee, usizipige picha kwa kuzipanga mezani, usizibebe kwenye boti kwenda Unguja. Ganda tupu na risasi nzima, kwa asiyejua, vinafanana. Piga simu polisi waje wazichukue hapo hapo zilipo.

Lipo jingine utakutana nalo: majina. Makarani wa bara waliandika walivyosikia. Khamis akawa Hamisi, Masoud akawa Masudi, Othman akawa Athumani, na jina la tatu likaachwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, kitambulisho cha Mzanzibari kinasema vile, hati ya utumishi inasema la tatu. Andika yote kama yalivyo kwenye kila hati, usisahihishe. Kisha babu aape mbele ya wakili au hakimu hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Lifanyike sasa akiwa hai. Akishafariki, warithi watalifukuzia hilo miezi, khasa likigusa kiinua mgongo. Na namba yake ya jeshi iandike pahala pawili, maana bila namba hiyo ni shida kutafuta kumbukumbu makao makuu.

Mwisho, ukimhoji kuhusu vita: muulize njaa, matope, rafiki, barua, chakula, namna walivyovuka Mto Kagera baada ya daraja la Kyaka kuvunjwa. Mambo ya mpangilio wa silaha na mawasiliano ya jeshi, akisita usimsukume. Askari anajua mpaka wa kiapo chake. Wapo wenzao waliozikwa Kaboya, Muleba, na pengine hilo ndilo litakalomnyamazisha. Zima kinasa sauti, mkae.

Fundi_Sauti

Fupi tu. Kurekodi: simu inatosha ukiiweka kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa kilichokunjwa, nusu mita kutoka mdomoni. Maikrofoni ya kubana kifuani ni bora zaidi, lakini kwa bibi ibane juu ya ukaya mahali usipougusa, la sivyo utarekodi msuguano wa kitambaa saa nzima. Zima feni. Bati likianza kupigwa na mvua, simamisha. WAV ya 48 kHz na biti 24, chaneli moja, inakula karibu megabaiti 520 kwa saa. Mwanzoni mwa kila rekodi sema kwa sauti: tarehe, pahala, nani anahojiwa, nani anahoji, na anayehojiwa asikike akikubali kurekodiwa.

Kaseti: ziangalie kwa dirisha dogo. Ukiona vumbi jeupe au kama utando wa buibui kwenye mkanda, usizicheze, ule ni ukungu, utaharibu kaseti na kichwa cha redio na kuambukiza nyingine. Safi zirudishe nyuma na mbele mara moja mpaka mwisho kabla ya kucheza, ili tabaka zilizogandana ziachane. Kama kile kipande kidogo cha sufi kinachosukuma mkanda kimedondoka, hamishia mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu. Vunja vijino viwili vya juu kabla ya yote, mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Toa sauti kwa waya kutoka tundu la hedifoni kwenda kompyuta. Usiweke simu mbele ya spika.

Maalim_Khati

Kuhusu zile barua za khati za Kiarabu. Usimpe kijana aliyehitimu Kiarabu azisome peke yake. Hizo ni Kiswahili kilichovaa herufi za Kiarabu, tena Kiswahili cha Pemba. Mwandishi wa kawaida hakuwa na alama ya kutofautisha *o* na *u*, wala *e* na *i*. *P* na *b* waliandika kwa herufi moja, *g* na *ng'* na *gh* kwa moja. Neno lililoandikwa "kuba" laweza kuwa *kupa*, *kuba* au *koba*. Ukikosea hapo, maana ya barua nzima inageuka.

Njia ni hii. Kwanza muweke bibi asome kwa sauti huku unarekodi, hata kama ni barua moja kwa siku. Yeye ndiye ufunguo, kwa kuwa zilitumwa kwake au ziliandikwa naye. Pili, andika mistari miwili chini ya kila mstari: wa kwanza herufi kwa herufi kama ilivyo, wa pili Kiswahili alichosoma. Asipokuwa na hakika, tia alama ya kuuliza, usijaze mwenyewe. Tatu, usiisanifishe lahaja yake. Hayo ndiyo matamshi yake, na kizazi kijacho hakitayapata pengine.

Tarehe zake nyingi zitakuwa za Hijria. Ibakize hiyo, na ya Miladi iandike kwenye mabano. Mkunjo wa barua usiunyooshe kwa pasi. Ilaze kati ya karatasi nyeupe mbili chini ya kitabu kizito siku 3 hadi 4. Wino ule wa rangi ya zambarau ukiguswa na unyevu unakimbia, kwa hiyo hata chai isikae meza moja nazo.

Mtunza_Nyaraka

Naongeza kwa gwanda, ikiwa wataruhusiwa kubaki nalo, na kwa nguo za bibi pia. Karafuu zitoe leo. Zinafukuza nondo kiasi, ni kweli, lakini mafuta yake yanaacha madoa ya kahawia kwenye pamba, hasa zikilaliwa na uzito. Mkitaka kuendelea nazo ziwe kwenye mfuko wa kitambaa, zibanwe kwenye kona ya sanduku, zisiguse nguo. Msizibadilishe kwa nafthalini, vile vidonge vyeupe vya nondo. Huku kwetu wako watoto wengi wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na mtoto mchanga akifunikwa nguo iliyolala na nafthalini damu yake yaweza kuvunjika ghafla akapata manjano kali. Hospitali wanalijua jambo hili vizuri.

Wadudu waliomo sasa wauwe kwa baridi. Nguo ikauke kabisa, itie ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kwa selotepu, iweke kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Umeme ukikatika ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukiitoa usifungue mfuko kwa saa 24, jasho liangukie nje ya plastiki na si kwenye nguo. Kisha ikunje kwa kuitia kitambaa cha marekani ndani ya kila mkunjo ili usikatike.

Na kanga za bibi za kujitolea, kama zipo za mikutano au za kampeni za afya, ziingie kwenye orodha ya M. Andika jina la kanga neno kwa neno, na alipewa na nani. Watu wanazisahau.

Mjukuu_Wete

Nimeuliza bibi kwa mifungo jana jioni. Kaja na mambo 11 kwa dakika 30. Swali la mwisho: asili za karatasi zibaki kwetu au zipelekwe Nyaraka? Na babu na bibi wanataka kisima kibaki kwa jina lao wote wawili.

Mtunza_Nyaraka

Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu iko Kilimani, Unguja. Nenda kwanza na orodha yako tu, bila vitu, muwaulize wanachopokea. Mkikubaliana, pawe na hati ya makabidhiano inayotaja kila namba, nani anaruhusiwa kuona, na kipi kifungwe kwa miaka mingapi. Daftari la uzazi liwe katika vilivyofungwa. Msikabidhi kitu bila orodha iliyogongwa muhuri mkabaki na nakala. Ushauri wangu: barua na daftari vipelekwe, nishani zibaki nyumbani, kwa babu.

Mama_Kisomo

Kisima, muwaone Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Waeleze kama wanataka wakfu wa watu wote au wa kizazi chao, ni mambo mawili tofauti. Kabla ya hapo hakikisheni ardhi kilipo kisima ni ya nani, maana ardhi Zanzibar ni ya serikali, na kama shamba ni la eka tatu (zile zilizogawiwa na serikali baada ya Mapinduzi) pana masharti yake. Wakiwa hai na afya njema wanaweza kuwakifu wanachomiliki. Jambo likifika kwenye maradhi ya mauti linakwenda kwa thuluthi, na warithi wana haki ya kusema.

Bamba lifanyeni la marumaru au saruji, chuma kitaliwa na chumvi ndani ya miaka michache. Majina mawili, mstari mmoja, herufi sawa kwa ukubwa. Na la bibi liandikwe jina lake kamili mpaka la babu yake, si "na mkewe".